Kuandika msimbo au kuburuta: tovuti yako ijengwe kwa njia gani?

Wateja wengi wanaokuja kwetu hapa Ngamiani, Tanga, wameshaona video mtandaoni: mtu anaburuta picha, anaandika jina la duka, na kabla chai haijapoa tovuti iko hewani. Swali lao ni la haki kabisa: kama mambo ni rahisi hivyo, fundi analipwa kwa kazi gani? Wapo pia wenye kijana chuoni, nao huja na la kinyume, kwamba tovuti ya kweli huandikwa kwa msimbo, yaani maandishi ya kuielekeza kompyuta, na hizo za kuburuta ni mchezo wa watoto. Kila upande una chembe ya ukweli. Sisi lakini tunaanza na swali jingine: siku tukishakukabidhi, nani ataugusa ukurasa huo, na mara ngapi kwa mwezi?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ukurasa wa tovuti, uujenge utakavyoujenga, mwisho wake ni faili la maandishi ambalo simu ya mteja inalisoma na kulipanga kwenye skrini. Maandishi hayo yametiwa alama: hiki ni kichwa, hii ni aya, hapa pana picha. Kichwa huandikwa hivi: <h1>Vyumba vyetu Pangani</h1>. Basi. Lugha hiyo ya alama, HTML, ilibuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, na kivinjari chake cha kwanza (programu ya kufungulia kurasa), cha mwaka 1990, kilisoma kurasa na pia kuzihariri. Kwa hiyo wazo la kutengeneza ukurasa huku unauona si geni hata kidogo. Miaka ya tisini zikaja programu za kutengenezea kurasa: FrontPage, na mwaka 1997 Dreamweaver, iliyoweza kukuonyesha msimbo upande mmoja na sura ya ukurasa upande wa pili. Vijana wengi wanaobishana leo hawakuwa wamezaliwa.

Zana ya kuburuta haikwepi maandishi. Inayaandika kwa niaba yako. Tena inaandika mengi. Kichwa kile kimoja, ukikiweka kwa zana kama Elementor, kitazungushiwa tabaka kadhaa za alama nyingine, halafu yatafuata mafaili ya mitindo na ya vitendo ambayo ukurasa wako pengine hauhitaji hata nusu yake. Ukiwa na kompyuta ofisini na intaneti ya waya hutaona tofauti. Mgeni aliye ndani ya basi kati ya Korogwe na Muheza, mtandao ukija na kupotea, ataiona. Na bando ni lake.

Hata hivyo tusiisingizie zana kila kosa. Mzigo mkubwa katika tovuti nyingi tunazoletewa turekebishe ni picha. Simu ya siku hizi inapiga picha yenye upana wa pikseli 4000, na faili moja linafika megabaiti tatu, nne. Watu wanaipakia vivyo hivyo, ikae kwenye nafasi ya ukubwa wa kiganja. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200, ihifadhi kama JPEG ya ubora wa kati, na itashuka hadi kilobaiti mia mbili na kitu. Kwenye simu hakuna atakayegundua. Hapa ndipo mwandika msimbo mwenye majivuno anapoumbuka, maana ukurasa ulioandikwa kwa mkono unatuma kile kile ulichoweka. WordPress, mtambo wa kuendeshea tovuti unaokuruhusu kuzihariri bila kugusa msimbo, tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2560 na kutengeneza nakala ndogo ndogo za kuwapelekea wenye simu.

Sasa turudi kwenye lile swali la nani ataugusa ukurasa.

Chukua nyumba ya wageni kule Pangani. Ina vyumba, picha, bei, ramani, na namba ya simu. Bei hubadilika msimu ukibadilika, basi. Kazi ya namna hii tunaiandika kwa mkono, kwenye VS Code au Notepad++, zote za bure, na hatuoni sababu ya kumbebesha mwenyewe mtambo mzima wenye hifadhidata na nywila za kusahauliwa. Ukurasa kama huo hauna mlango wa kuingilia wasimamizi, kwa hiyo hauna mlango wa kuvunjwa. Ukiuacha mwaka mzima bila kuugusa, utaukuta ulivyo. WordPress ukiitelekeza mwaka mzima bila kuisasisha, yenyewe na programu-jalizi zake (programu ndogo za kuiongezea uwezo), umeacha dirisha wazi, na wanaopita kulichungulia ni roboti zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana. Hazijali kama tovuti yako ni ya benki au ya vyumba sita.

Kitufe cha WhatsApp, ambacho kila mtu anakitaka (na ana haki, maana huku mteja akishaona bei anataka kuongea), ni kiungo cha mstari mmoja: https://wa.me/ kisha namba yako ukianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kuna watu wanauziwa programu-jalizi ya kulipia kila mwaka kwa ajili ya mstari huo. Sisi tunaona ni wizi wenye risiti.

Kisha chukua duka la vipuri vya pikipiki, au muuza samaki anayebadilisha bei kila boti zikirudi. Huyu ukimkabidhi ukurasa wa msimbo umemfunga kamba. Kila bei ikipanda atatupigia simu, sisi tutamtoza, na baada ya mwezi mmoja atachoka, bei za zamani zitabaki pale zikimgombanisha na wateja. Huyu anahitaji WordPress, ambayo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, na anahitaji kuihariri yeye au binti yake anayekaa dukani. Tangu Desemba 2018 WordPress ina kihariri chake cha vipande: aya ni kipande, picha ni kipande, jedwali la bei ni kipande, unavisogeza juu na chini. Kinatosha. Mtu akikushauri uongeze juu yake zana nyingine ya kuburuta, muulize inafanya nini ambacho hicho hakifanyi. Wakati mwingine lipo jibu zuri. Mara nyingi jibu ni kwamba yeye mwenyewe ndiyo aliyoizoea.

Zipo pia huduma kamili kama Wix, ambako unalipa kwa mwezi au mwaka na kila kitu kiko kwao. Hatuzidharau, mtu asiyetaka fundi kabisa, anayetaka kuanza leo jioni, anaweza kuanzia huko. Ila ajue kwamba tovuti iliyojengwa Wix haitoki Wix. Huwezi kuyachukua mafaili yake ukayahamishia kwa kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti. Ni nyumba ya kupanga: rangi umepaka wewe, mapazia umenunua wewe, lakini siku kodi ikikushinda ukuta unabaki. Maneno na picha utavinakili kimoja kimoja, sura utaijenga upya. Kwenye WordPress unaweza kuhamisha kila kitu, ingawa nayo ina mtego wake: ukurasa uliopangwa kwa programu-jalizi ya kuburuta, siku ukiizima hiyo programu-jalizi, mpangilio unaporomoka na maneno yanabaki yamerundikana.

Jambo dogo ambalo mafundi wengi wanalipita. Kila ukurasa hutangaza mwanzoni kabisa umeandikwa kwa lugha gani, na violezo vingi vya kigeni (kurasa zilizopangwa tayari, za kujaza tu) vinakuja vimeandikwa lang="en". Maandishi ni Kiswahili, tangazo linasema Kiingereza. Mteja asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, atasikia "karibuni mjini Tanga" kwa matamshi ya Kiingereza. Kwenye msimbo unabadilisha en kuwa sw, herufi mbili. Kwenye WordPress unatafuta lugha ya tovuti katika mipangilio ya jumla.

Na wale mnaotuletea kurasa mlizoanza wenyewe, tunawaomba kitu kimoja: msiandikie msimbo kwenye Word. Word ni ya barua na mitihani. Inapinda alama za kunukuu ili zipendeze, ilhali kivinjari kinataka zilizonyooka, kwa hiyo kiungo kinakufa na wewe huoni kosa kwa macho. Ukiihifadhi hati yake kama ukurasa wa wavuti ndiyo balaa zaidi: kila aya inabandikwa MsoNormal na mlolongo wa mitindo ya ndani, na kusafisha uchafu huo kunachukua muda kuliko kuandika upya. Notepad, iliyomo tayari kwenye kila kompyuta ya Windows, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuna wateja tunaowaambia wasijenge tovuti kwa sasa. Kinyozi wa Chumbageni au mama mwenye mgahawa mdogo atanufaika zaidi akijisajili bure kwenye ramani ya Google, akaweka saa za kazi na picha za kweli, na akapanga bidhaa zake kwenye WhatsApp Business. Akikua, tupo.

Ukija ofisini, njoo na orodha ya bei zako, picha zako mwenyewe (si za kuokota mtandaoni), na jina la mtu atakayekuwa anabadilisha mambo. Huyo mtu akiwepo, mlete. Tutamkalisha kwenye kiti na kumpa abadilishe bei moja mbele yetu. Asipokuwepo, tutakuandikia kwa mkono na kukubaliana gharama ya marekebisho mapema. Kwa vyovyote, siku ya makabidhiano utapewa mafaili yote, nywila zote kwenye karatasi, na jina la tovuti la .co.tz likiwa limesajiliwa kwa jina lako, si letu.