Mwanangu, lile ulilosema juzi kwenye simu

Mwanangu kipenzi, assalaam aleikum. Huku Ngamiani, Tanga, wazima, bibi yako mguu unamsumbua ila ulimi uko palepale.

Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu ulinikatisha, ukasema mama tuachane na hayo, wanawake tumeshawapa nchi tumeona, 2030 arudi mwanamme. Na yule dada wa viti maalumu anayejipitishapitisha kutaka jimbo ukamtia kapu hilohilo, hajaiva, basi. Nikanyamaza maana vocha ilikuwa inaishia, lakini halijanitoka moyoni.

Kwanza tuelewane baba, mi simtetei mtu. Yale ya siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, nimeyaona kama ulivyoyaona wewe, intaneti imezimwa, nyie huko Dar mnaambiwa jioni kila mtu ndani, watu wamekufa, wazazi wenzangu wanauliza mpaka leo. Hilo ni deni la serikali na mwenye serikali anadaiwa yeye, kwa jina lake, mdai tu. Ila niambie, yule dada wa viti maalumu anaingiaje kwenye deni hilo? Kisa na yeye anavaa gauni?

Angalia wanaume mnavyohesabiwa. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu 2008 kwa lile sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, 2015 kasimama urais kapata kura zaidi ya milioni sita, moja ya baba yako (usimwambie nimekwambia). Hakuna aliyesema wanaume bado, tuwapumzishe kidogo. Kashfa ya hela za Escrow ikaja ikapita, hivohivo. Mwanamme akiharibu kaharibu yeye, mwanamke akiharibu tumeharibu wote mpaka mimi nayekaanga vitumbua hapa barazani.

Ile Machi 2021 naikumbuka vizuri maana mama Samia alikuwa hukuhuku Tanga kwenye ziara, bado makamu, na usiku wa tarehe 17 ndo akatokea kwenye tivii kutangaza kifo cha Magufuli. Kesho yake wazee wa kahawa hapo nje hoja yao moja tu, jeshi. Mwanamke jeshi ataliwezaje. Mmoja kashika kikombe, kashata imemganda kwenye vidole, anaapa kabisa wanajeshi hawatampigia saluti, na huyo mwenyewe kwake hatoki mpaka mkewe aridhie, lakini tuyaache. Tarehe 19 kaapishwa, saluti zikapigwa, na hapakuwa na cha kujadili kwa sababu katiba ibara ya 37 inasema rais akifariki makamu anaapishwa anamalizia muda uliobaki. Tena hakuokotwa barabarani yule. Baraza la Wawakilishi Zanzibar tangu 2000, uwaziri, ubunge wa Makunduchi, makamu mwenyekiti wa lile Bunge la Katiba 2014, umakamu wa rais tangu 2015. Magufuli alitoka kwenye uwaziri akaenda moja kwa moja Ikulu, hajawahi kuwa makamu wala waziri mkuu, na sikumsikia mtu pale kwenye kahawa anauliza kama kaiva. Hata wewe hukuuliza.

Halafu mnasema wenye sifa wajitokeze. Walijitokeza! 2015 kwenye mkutano mkuu wa CCM wa kumchagua mgombea urais, tatu bora ilikuwa Magufuli na wanawake wawili, Asha-Rose Migiro aliyewahi kuwa naibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Amina Salum Ali aliyekuwa balozi wa Umoja wa Afrika kule Marekani. Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Mwaka huohuo Anna Mghwira kagombea urais kwa chama cha ACT, mwanamke peke yake kati ya wagombea wote, kura zake hazikufika laki. Sasa kama naibu wa Umoja wa Mataifa anapata 59, huyo mnayesema aive kwanza mnataka aivie wapi?

Na sisi wanawake wenyewe tumo, sikufichi. Huyo dada alipita hapa kwetu wiki iliyopita, kakalishwa kwenye mkeka, kina mama wa vikoba wote macho kwenye kilemba, alivyoinuka tu kwenda kujibu simu wakaanza, kaachika huyu? Watoto anamwachia nani akienda Dodoma? Mbunge wetu mwanamme nani alishamuuliza watoto kamwachia nani. Aliporudi kukaa nikamuuliza mimi, hilo bomba la mafuta linalotoka Hoima kuja kuishia Chongoleani hapa kwetu Tanga, kazi ya kulichimbia ikiisha vijana wetu wanabaki na nini, na wewe ukiwa bungeni utambana nani. Nusu kajibu vizuri tu, anajua hata wizara gani inahusika, nusu kazungukazunguka mpaka nikaona huruma. Nikamwambia mwanangu nenda ukajipange ndo urudi, mi kura yangu siitoi kwa sababu wote tunavaa khanga. Kasema atarudi na majibu, tutaona.

Kwa hiyo sijasema umchague, hata mimi mwenyewe sijaamua. Ukija Idi atakuwepo kwa shangazi yako, njoo na maswali yako umbane mwenyewe, mbane kwelikweli, umuulize bandari, umuulize ajira, kilemba chake utuachie sisi.

Na ile hela ya gesi bado sijaiona.

Mama yako.