Mhariri, habari za Urusi msichanganye mateka na mfungwa

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Igoma, Mwanza. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo linanikera muda mrefu na sijaona mtu analisema. Mimi nilisoma kule enzi za Sovieti na mpaka leo nawafundisha Kirusi vijana wanaojiandaa kwenda kusoma, kwa hiyo habari za Urusi nazisoma kwa lugha yao, halafu nikizikuta gazetini kwa Kiswahili nabaki najiuliza huyu mtu ni mateka, ni mfungwa au ni mahabusu? Leo mnamwita hivi kesho vile, na mtu ni yuleyule.

Chukua mifano miwili. Agosti 1, 2024 pale Ankara Urusi na nchi za Magharibi walibadilishana watu 24, akiwemo mwandishi wa habari Mmarekani Evan Gershkovich ambaye mahakama ya Urusi ilikuwa imemhukumu miaka 16 kwa kesi ya ujasusi. Halafu Mei 2025, baada ya mazungumzo ya Istanbul, Urusi na Ukraine wakaachiana watu 1,000 kwa 1,000, wengi wao wanajeshi. Kwenye magazeti yetu, matukio yote mawili yalikuwa "kubadilishana wafungwa", basi. Mrusi hasemi hivyo. Wale wanajeshi kwake ni voyennoplenny, yaani mateka wa vita, ila mtu kama Gershkovich ni zaklyuchonny, mtu aliyefungwa na mahakama. Nadhani shida ni kwamba habari zinapitia kwanza kwenye Kiingereza, na Kiingereza kina hilo neno "prisoner" linalombeba askari aliyenyang'anywa bunduki vitani pamoja na mtu anayetumikia kifungo Butimba. Sasa sisi wenye maneno yetu tunayaacha kwa nini?

Na tofauti yake siyo ya mdomoni tu. Mateka wa vita hajatenda kosa kwa kupigana, na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unasema mapigano yakiisha aachiwe arudishwe kwao bila kucheleweshwa. Mfungwa yeye ana hukumu yake, vita viishe visiishe. Ukimwita askari mfungwa, msomaji pale Kirumba anaelewa kwamba jamaa alifanya uhalifu, na ndugu zake wangekusoma wangeumia sana.

Neno lenyewe la kutekwa ni plen. Askari akikamatwa Warusi wanasema popal v plen, akiwa bado huko yuko v plenu, mkazo uko kwenye hiyo u ya mwisho na vijana wangu hapo ndipo wanapoteleza kila siku, na akirudi amerudi iz plena. Hilohilo plen ndiyo mzizi wa neno wanalolitumia kwa mwanamke mwenye tabasamu la kuteka watu, na sisi si tunasema amenitekea moyo wangu? Hapo Mswahili na Mrusi wameonana.

Tukija kwenye zalozhnik ndo naomba muwe makini kabisa. Huyu ni mtu aliyeshikiliwa ili mwingine atoe kitu au atimize sharti, na neno linatoka kwenye zalog, maana yake rehani, yaani binadamu kawekwa rehani kama shamba. Wale watoto na wazazi na walimu wa shule ya Beslan, kusini mwa Urusi, iliyovamiwa na watu wenye silaha Septemba 2004, zaidi ya watu 1,100, walikuwa zalozhniki, na tukio lile liliua zaidi ya watu 330, wengi wao haohao. Kuwateka watu namna hiyo sheria za vita zinakataza moja kwa moja. Kiswahili tunamwita naye mateka, sawa, ila basi andikeni "mateka wa vita" kwa yule askari, neno moja zaidi haliwezi kujaza gazeti.

Kuna na nevolya, hili ni pana, ni kukosa uhuru kwa ujumla, na ndilo la wanyama. Wale wanyama waliowekwa kisiwani Saanane ilipoanzishwa bustani mwaka 1964, Mrusi angesema wanaishi v nevole. Hawezi kusema wako v plenu, labda awe anatunga shairi.

Upande wa gereza pia mna mtego. Koloniya kwenye habari za Urusi ya leo siyo koloni la Mjerumani, ni gereza, na wafungwa wengi wa kule wanatumikia humo. Mahabusu anakaa SIZO akisubiri kesi. Na mtu akikuambia on sidit, kwa maneno ni "amekaa", usiende kumtafutia kiti, ni kama tunavyosema huku yuko ndani.

Haya yanatuhusu jamani. Januari 2023 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania aliyehukumiwa miaka 7 Urusi alichukuliwa na Wagner, kundi la mamluki la Warusi, kwa ahadi ya kusamehewa kifungo, akafia vitani Ukraine Oktoba 2022. Yule alikuwa zaklyuchonny, alitoka gerezani kwenda vitani, ila nilisikia watu mjini wakisema alikuwa mateka, na ukiamini hivyo huwezi kuelewa kabisa alifikaje kule.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeondoka mwaka huu, mfundishe zaderzhan, maana yake umeshikiliwa na polisi, na Katiba yao inasema bila amri ya mahakama wasizidishe saa 48. Na neno perevodchik, mkalimani, sheria yao inampa haki hiyo asiyejua lugha, alitamke kwa sauti kabla hajasaini karatasi yoyote.