Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Usaidizi wa Daktari wa Meno kwa Mgeni Rasmi, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali haya, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tulipoaga nyumbani, Kyela, Makete, Chunya na Rungwe, tuliulizwa kama tunakwenda kujifunza kung'oa meno. Hatung'oi. Daktari anayetumia mkono wa kulia huketi kulia kwa mgonjwa, nasi huketi kushoto, tukinyonya mate na damu ili aone anachokifanya, tukimpa koleo kabla hajageuza shingo kulitafuta, tukichanganya dawa ya kuzibia jino ambayo huganda ndani ya dakika chache, na kumbembeleza mtoto aliyeanza kulia tangu mlangoni. Tumejifunza pia namba za meno 32 ya mtu mzima na 20 ya utotoni, kwa kuwa daktari hutaja namba tu nasi huandika kwenye kadi, na kwa kuwa tarakimu ya kwanza huonyesha robo ya kinywa na ya pili nafasi ya jino, anayeandika 36 badala ya 46 anaweza kusababisha mgonjwa ang'olewe jino zima la upande wa pili.

Hata hivyo, somo lililotushughulisha kuliko yote ni utakasaji wa vifaa. Koleo lililotoka kinywani mwa mtu linaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B hata kama damu haionekani. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi popote, na kwetu ndiyo kabisa: Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, ilhali mashine ya kutakasa kwa mvuke hufika nyuzi 121 na kubaki hapo kwa dakika zisizopungua 15. Kabla ya mvuke, vifaa husuguliwa kwa brashi na kuoshwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatua inayodharauliwa zaidi, wakati damu iliyokaukia kwenye maungio ya koleo huzuia mvuke kufika panapotakiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine hiyo tunayo moja, ndogo, inayotumiwa na darasa pamoja na kliniki ya chuo. Wagonjwa wakiwa wengi, vifaa vya mafunzo husubiri, na wanafunzi husubiri pamoja navyo. Ombi letu kubwa ni mashine ya pili. Tunaomba pia wanaotufuata wapatiwe chanjo ya homa ya ini, dozi zote tatu, kabla hawajamgusa mgonjwa.

Ombi la mwisho linahusu mafunzo kwa vitendo, ambayo hufanyika mjini pekee. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine ya kutobolea, ilianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inafaa sana kwa vituo vya afya vya vijijini. Tunaomba utusaidie kuzungumza na halmashauri ili wanafunzi wapokelewe huko kwa wiki chache kila mwaka. Malazi chuo kiko tayari kuyagharamia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.