Hela ya kulinda vyanzo vya maji itoke kwenye korosho zetu

Ndugu Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee vyanzo vya maji huku kwetu Newala, na naamini wenzangu wa Tandahimba, Masasi mpaka kule Nachingwea watanielewa maana na wao ni watu wa korosho na maji ya shida.

Kwa asiyejua, sisi tunakaa juu kwenye uwanda wa Makonde na huku juu hakuna mto, ardhi ni kichanga, mvua ikinyesha inazama yote inaenda kutokea chini mabondeni kwenye chemchemi, ndo maana bibi zetu walikuwa wanashuka bondeni alfajiri wanapanda na mtungi kichwani, na ndo maana mpaka leo maji ya bomba ya Newala na Tandahimba yanasukumwa na pampu kutoka Mitema kule Kitangari. Sasa kichanga hakichagui. Kinachomeza mvua ndo hicho hicho kinameza uchafu wa vyoo vyetu, takataka na dawa za mikorosho, na sisi wenyewe tunakuja kuvinywa.

Dawa ndo zinanitisha zaidi. Msimu wa kupulizia kila mtu yuko shambani na mashine mgongoni, salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alafu zile dawa za maji ambazo lazima uchanganye na maji, sasa maji utayapata wapi huku kwetu kama sio kwenye chanzo? Shuka kwenye chemchemi yoyote ya kienyeji kipindi hicho uangalie pembeni kwenye majani, utakuta vichupa vimetupwa, vingine vina dawa chini bado na harufu yake inakukata pumzi, mtu kachanganyia hapo hapo, kasuuza mashine yake, yale maji ya kusuuza kayamwaga hatua mbili tatu tu kutoka mahali mama mwingine ameinama na kata anajaza dumu. Mvua ya kwanza ikija inasomba yote. Na huyo aliyesuuza sio mtu mbaya, nyumbani kwake wanakunywa maji hayo hayo, ila hakuna mtu wa kumwambia wala hakuna sehemu nyingine aliyotengewa ya kuchanganyia dawa.

Mtu atasema sheria ipo. Ni kweli ipo, Sheria ya Mazingira ya 2004 ina ile mita 60 kutoka kwenye chanzo ambayo mtu haruhusiwi kufanya shughuli ndani yake, kila mtendaji wa kijiji anaijua kwa kichwa, lakini mita 60 bila nguzo, bila waya, bila mtu wa kupita kuangalia, ni maneno tu. Na kamati za kulinda vyanzo zipo jamani! Hilo ndo linaniuma. Nimewaona watu wazima, wengi wao akina mama, wanajitolea siku nzima kufyeka, kuzibua mifereji, kuzungushia chemchemi uzio wa matawi ambao mchwa wanaumaliza kabla ya mwaka kuisha, na mwakani wanaanza upya, hawana hata hela ya mfuko wa saruji. Kupima maji ndo kabisa hawawezi, maana sampuli ya kuangalia vijidudu inatakiwa ikae kwenye ubaridi na ifike maabara haraka, sasa kutoka kijijini mpaka Mtwara mjini nauli anatoa nani? Mradi wa kuchimba kisima ukija hela zinaonekana, pampu inakuja, tanki linajengwa, kiongozi anakuja kuzindua. Ya kulinda pale maji yanapotoka haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Pendekezo langu ni hili. Kwenye korosho tunazouza kwa stakabadhi ghalani, yani tunapeleka ghalani zinauzwa kwa mnada, tayari kuna makato, tukubaliane kwenye mikutano yetu ya AMCOS (vyama vyetu vya ushirika vya msingi) na ya kijiji tuongeze shilingi 5 tu kwa kilo iwe ya chanzo cha maji. Kijiji kikiuza tani 200, hiyo ni shilingi milioni moja. Haijengi mradi, ila kwa kamati inayoanzia sifuri ni nguzo za zege, ni miche ya miti ya asili, ni nauli ya sampuli, ni karo moja ya kuchanganyia dawa mbali na chemchemi na shimo la kutupia vichupa. Ikibaki kidogo wanunue mizinga waweke msituni kuzunguka chanzo, penye nyuki hakuna mtu anaenda kukata kuni, na asali inauzwa.

Najua wakulima wenzangu watapiga kelele kwamba makato yashakuwa mengi, na mimi ni mkulima nayaona kwenye malipo yangu kila mnada. Tofauti ni kwamba hii isitoke nje ya kijiji, ikae kwenye akaunti ya kamati, mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na karatasi ibandikwe ukutani ofisini kwa mtendaji, na kijiji kikiona zimeliwa kina haki ya kusimamisha makato msimu unaofuata.

Ila pia mzigo wote usiwe wa mkulima. Sheria ya maji ya 2019 imeweka Mfuko wa Taifa wa Maji, na mfuko huo kazi yake ni pamoja na kutunza maeneo yanayolisha vyanzo, na sote tunauchangia maana kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 50 ya maji ndani yake, hata bodaboda anayenileta sokoni anachangia. Basi naomba RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na bodi ya bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini wakae watengeneze utaratibu mwepesi, kijiji kikichanga milioni yake mfuko uongezee milioni nyingine, fomu iwe ya Kiswahili na iwe fupi kiasi kwamba katibu wa kamati aliyeishia darasa la saba anaijaza mwenyewe.

Minada huwa inaanza mwezi wa kumi. Viongozi wa AMCOS mnaosoma gazeti hili, liwekeni kwenye ajenda ya mkutano wa wanachama kabla ya hapo.

Ni mimi mkulima na msomaji wako,
Newala, Mtwara