Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Poleni na safari. Hesabu atazisoma mhazini, mimi sizigusi. Ila wanaodaiwa ada wanajijua, na wengine wamekaa mstari wa mbele.

Mwaka huu tulikuwa na kazi moja kubwa: kitabu cha Vita vya Majimaji, vile vya kuwapinga Wajerumani, kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Mswada wa kwanza ulianza na miaka, 1905 hadi 1907, na jina la gavana. Tulipousoma kwenye shule moja ya msingi, kufika ukurasa wa pili wawili walikuwa wamelala na mmoja anachora gari nyuma ya daftari. Sikuwalaumu. Hata mimi nilipiga miayo, na mswada ni wangu.

Tukaanza upya, safari hii shambani: Julai 1905, kule Nandete, Wamatumbi wanang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Mtoto kung'oa anakujua. Ameshagombezwa kwa kung'oa mchicha akidhani ni magugu. Hapo masikio yakasimama.

Shida ikawa maji yenyewe. Baadhi yenu mlitaka tuandike kwamba Kinjekitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa, aliwadanganya watu. Nilikataa, na bado nakataa. Mtoto akisoma hivyo atamwona babu wa babu yake mjinga, wakati maji yale ndiyo yaliyounganisha makabila ambayo hayakuwa na mtawala mmoja. Tumeyaeleza tu yalivyokuwa: maji, mafuta ya nyonyo, punje za mtama, na imani kwamba risasi haitapenya. Binti mmoja akauliza, "Sasa walipoona wenzao wanakufa, mbona waliendelea?" Swali lake limezaa sura ya tano, na ndiyo bora kuliko zote.

Kuhusu vifo tulibishana vikao vitatu. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, na mji wa Songea una jina lake hadi leo; hilo huwezi kumficha mtoto anayeishi hapo. Limebaki, kwa sentensi mbili, bila picha. Picha tumeiweka kwenye ghala linaloungua, maana Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa iliua wengi kuliko risasi.

Sasa aibu yetu. Kwenye nakala ya majaribio, mwanamke wa mwaka 1905 anachota maji kwa ndoo ya plastiki, nyekundu, yenye mfuniko. Msimlaumu mchoraji, kamati nzima ilipitisha, nami nikatia saini. Aliyeigundua ni mlinzi wa kiwanda cha uchapaji. Tumeibadilisha kuwa mtungi.

Wanachama wa Kilwa na Rufiji, naomba mtuulizie kwa wazee nyimbo na majina ya mahali, na muandike nani alimsimulia nani.

Michoro mipya iko mezani kwa katibu. Kila mmoja aipitie kabla ya chakula, na tafadhali, msiweke vikombe vya chai juu yake.