Saa ya Mkuu wa Tuskegee

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita ilimsifu Booker T. Washington, yule mwalimu Mmarekani mweusi, kuwa kielelezo cha wakuu wa vyuo vya ufundi hapa Tanga. Nimefundisha uashi hadi nikastaafu, sina ugomvi na sifa hizo. Lakini mmemtoa nusu.

Kisa cha tanuri nakipenda kuliko vyote. Alianzisha chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1881, akataka wanafunzi wafyatue wenyewe matofali ya majengo yao. Mara mbili hayakuiva. Tanuri la tatu liliwaka karibu juma zima, likaporomoka usiku. Fedha kwisha. Akaenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akajenga la nne, likakubali. Saa hakuikomboa. Aliyewahi kufungua tanuri akakuta matofali ya katikati mabichi, yanavunjika mkononi kama kashata, anajua huo ni moyo wa namna gani.

Ila mwaka 1895, pale Atlanta, aliwaambia watu wake watangulize kazi za mikono, usawa wasiupiganie kwa pupa. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, msomi mweusi mwenzake, akamjia juu: fundi asiye na kura atailindaje mali yake? Hapo mimi, mtu wa mwiko na timazi, nipo na Du Bois. Maana jambo lenyewe lilitufikia hadi huku. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, akiwamo mwalimu Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), ilipita Tanganyika ikihimiza elimu ya jembe na nyundo kwa mfano wa Tuskegee, na mwaka uliofuata Waingereza wakatoa waraka wa elimu wa mwelekeo huohuo.

Mlichokiacha kabisa ni cha uvunguni. Washington huyohuyo aligharimia kimyakimya kesi ya Jackson Giles, mtu mweusi aliyedai Alabama imwandikishe kupiga kura. Mwaka 1903 Mahakama Kuu ya Marekani ikamwangusha. Barazani "subirini", uvunguni analipa wakili!

Nilimsomea mke wangu, nikamwambia huyu alikuwa kigeugeu. Akacheka.

"Bwana wee, kwa Alabama ya siku zile, ulitaka apige mbiu?"

Kahawa ilipoa mkononi, jibu sikulipata.

Mwashi mstaafu,
Chumbageni, Tanga