Rimoti ya kiyoyozi iko mezani kwa meneja

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, 100 akijifungua mapacha, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sina ugomvi nayo, nimefaidika nayo. Lakini mwanamke huyohuyo akifika umri wa hedhi kukoma, ambao kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55, sheria haimtaji kabisa.

Mimi ni karani wa dirishani, nina miaka 51. Sare yetu ni poliesta na skafu shingoni. Joto la Februari hapa Dar mnalijua. Namhesabia mteja pesa, mara moto unapanda kifuani hadi utosini, jasho linadondokea noti, nasahau nilifika wapi. Rimoti ya kiyoyozi anayo meneja, naye husikia baridi. Nikienda kunawa uso, foleni inanuna. Mara ya tatu nikaandikiwa barua ya onyo kwa kuacha dirisha bila ruhusa. Meneja huyo, kijana wa rika la mwanangu, aliniuliza mbele ya wenzangu: “Vipi Mama, malaria?” Nikaitikia, malaria. Kinamama wa rika langu tunaugua sana malaria ya aina hiyo.

Mwaka jana akaja msimamizi mwingine, mwanamume pia. Aliniita pembeni: “Dada, kitu gani kitakurahisishia kazi?” Hakuuliza umri wala dalili. Nikapata dirisha lililo chini ya pangaboi, shati la pamba la rangi ileile, na mwenzangu wa kunishikia zamu dakika tano bila maelezo. Usiku nikikosa usingizi, naingia saa nne na kufidia jioni. Kilichonunuliwa ni shati tu. Mwenzangu mmoja yeye hutokwa damu nyingi bila ratiba. Alichoomba ni kukaa karibu na choo. Ndiyo maana nasema bosi aulize, asikisie.

Wapo watakaosema tuchukue ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi. Siku za ugonjwa zipo, 126 katika miezi 36, kwa cheti cha daktari. Ila huu si ugonjwa, na mabadiliko haya huweza kuchukua miaka kadhaa. Mimi sitaki kulala nyumbani, nataka kufanya kazi.

Barua ile ya onyo bado imo kwenye faili langu. Naomba itolewe.

Karani wa dirishani,
Temeke, Dar es Salaam